Gari la Kumvusha Mama Mkwe

Kuna watu kwenye video za simu ambao nikiwaona tu napandwa na hasira. Ni wale wanaofundisha jinsi ya kulitengeneza gari la porini kwa gharama nafuu. Mtu amesimama mbele ya karakana kubwa kuliko nyumba yangu, spana zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na hakuna hata moja iliyoazimwa kwa jirani. Anatabasamu, anasema leo tutatumia vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani. Halafu anatoa winchi ya kukokotea magari. Nimetafuta nyumbani kwangu mpaka uvunguni, winchi sijaiona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Mkiwa, penye njia panda. Nilichonacho ni mashine ya kuchomelea, grainda moja ya kukatia chuma inayotoa moshi, na vyuma chakavu ambavyo malori hutuachia kando ya barabara. Na gari ninalo. Ni la zamani, la fowili, yaani matairi yote manne yanavuta, lenye viti viwili mbele na mlango mmoja nyuma. Nilipolipata lilikuwa limepita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa umeondoka na kitu. Starta yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila asubuhi mke wangu alikaa kwenye usukani, akaweka gia ya pili, mimi nikasukuma nyuma huku nikihema, akaachia klachi, likashtuka na kuwaka. Majirani walizoea kutuona hivyo, hata wakaacha kucheka.

Sababu ya kuhangaika nalo ilikuwa moja tu, mama mkwe wangu. Anakaa upande wa Mungaa, ng'ambo ya korongo, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alianza kwa kukosea mlango wa zizi, akaishia kumtambua binti yake kwa sauti. Madaktari wa macho huwa wanakuja mjini mara moja kwa mwaka, wanapasua watu siku chache, wanaondoka. Na wanakuja lini? Masika, korongo likiwa limejaa. Kiangazi chote gari linaweza kupita pale hata bila dereva, lakini kiangazi hakuna daktari. Nilikuwa nikiliwaza hilo nakosa hamu ya kula.

Mtu atasema, si angekuja kukaa kwenu Mkiwa kabla ya mvua, asubiri hukohuko? Anayesema hivyo hamjui mama mkwe wangu. Alale nyumba moja na mkwe wake wa kiume? Kwa watu wa rika lake hilo halisemwi hata kwa utani. Mkwe haguswi, hatazamwi usoni, haambiwi neno moja kwa moja, ila salamu tu. Nikikutana naye njiani napisha, nasimama pembeni nikitazama mtama mpaka apite. Nikiwa na la kumwambia namwambia mke wangu, naye anamwambia mama yake, hata kama sote tumo ndani ya ua mmoja na mama mwenyewe amekwisha kunisikia. Vijana wa mjini wameyaacha haya na wanakula sahani moja na wakwe zao. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye ndiyo kabisa.

Mwaka jana tulijaribu. Tulimfuata asubuhi, korongo likiwa bado na maji kidogo, akakaa nyuma kwenye benchi ya sponji, mimi na mke wangu tukakaa mbele. Kile kioo kidogo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikaangalia dari, maana ningeendeshaje safari nzima na uso wa mkwe uko mbele yangu? Kurudi korongoni, maji yalikuwa yameongezeka, yanapita na rangi yake ya chai ya maziwa. Mke wangu akashuka, akakunja kanga, akatangulia na fimbo kupima kina, nami nikamfuata taratibu. Katikati injini ikapiga chafya, ikanyamaza. Ilikuwa imekunywa maji, kwa kuwa gari lile linavutia hewa yake chini, nyuma ya taa, kana kwamba aliyelibuni hakuwahi kuona korongo.

Nikakaa pale nikipiga starta, nikitukana moyoni tu kwa sababu mkwe alikuwa nyuma. Sikugeuka. Ningegeukaje? Kumbe maji yalikuwa yanapanda kupitia sakafu iliyotoboka. Yeye haoni, anayasikia tu miguuni, na mtu pekee wa kumwambia alikuwa mimi, ambaye haambiwi. Basi akanyamaza. Mke wangu aliporudi na kufungua mlango wa nyuma alimkuta mama yake amekaa wima, maji yamemfika mapajani, kifurushi cha nguo amekiweka kichwani kisilowe. Wakaletwa ng'ombe, tukakokotwa tukarudishwa upande tuliotoka. Madaktari waliondoka bila kumwona.

Baada ya siku chache mke wangu akaniletea ujumbe. Mama amesema atakubali mara moja tu tena. Maji yakiingia ndani ya gari kwa mara ya pili, nisimfuate, yeye atakaa na giza lake. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaapa kwamba mwaka unaofuata gari lile litapita korongo lile, na ndani pasidondoke hata tone.

Nikaanza na sakafu. Ya nyuma yote ilikuwa imeoza, kwa hiyo nikaing'oa benchi, nikakata bati bovu, nikachomelea bati nene la pipa. Benchi nikaiweka nje ya karakana ikauke. Kabla haijakauka vizuri ilikuwa imekwisha kupata wenyewe, wazee na vijana wasio na kazi wanaopitisha saa zao njia panda. Mkuu wao alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu mwenye maneno mengi kuliko kilomita alizowahi kuendesha. Mahali pa benchi, ndani ya gari, nikachomelea sanduku la chuma la vifaa, kubwa, lenye kufuli. Kila video ilisema gari la porini bila sanduku la vifaa si gari la porini.

"Fundi," aliniuliza yule mstaafu, amekunja nne kwenye benchi yangu, "hilo gari linaenda vitani?"

"Linaenda Mungaa."

"Kwani Mungaa kuna vita?"

Wakacheka wote. Nikawasha grainda ili nisiwasikie.

Kazi kubwa ilikuwa pua. Gari likipita kwenye maji lazima livutie hewa juu, kwenye usawa wa paa, na pua za dukani zinauzwa kwa watu wengine, si kwangu. Nikachukua bomba la plastiki la maji machafu, lile la kijivu, na kona zake mbili. Nikatoboa pembeni ya boneti, nikalipandisha mpaka juu ya paa, nikaunga kwenye filta ya hewa kwa kulizungushia tyubu ya baiskeli na kukaza kwa waya. Lilionekana vizuri mpaka saa sita mchana. Jua la Singida na joto la injini vilipokutana, bomba lililegea kuanzia kiunoni, likalala juu ya kioo cha mbele. Benchi nzima ikasimama kushangilia.

Nikabadilisha sehemu ya chini, nikaweka bomba la chuma lililobaki kwenye geti la mteja. Hapo likasimama. Nikapeleka madirisha Ilongero kama safari ya majaribio, na kabla sijafika gari likaanza kuishiwa nguvu, linatoa moshi mweusi, linapanda mwinuko mdogo kwa kusuasua. Nikafungua filta ya mafuta, safi. Nikafungua mipira yote, mizima. Bodaboda wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja na ushauri wake, na kila ushauri nikaufuata, maana mtu aliyekwama hana jeuri ya kukataa. Mwishowe nikapanda juu ya tairi nikachungulia ndani ya pua. Nyigu. Walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya bomba langu, imara, wameipiga lipu kabisa. Nilitamani kukaa chini nilie, na sisemi kwa utani.

Dawa yake ikawa chujio la chai la mke wangu, nililikata mpini nikalifunga mdomoni mwa bomba. Kwa muda mrefu tulikunywa chai yenye majani, na kila tulipotema jani yeye aliniangalia.

Mengine yaliendelea hivyohivyo, hatua moja mbele na nyingine mtaroni. Springi za gari lile ni mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, basi nikaokota mapande yaliyokatika ya lori, nikayakata, nikaongeza moja kila upande. Gari likanyanyuka, nikafurahi. Nikatengeneza bampa kwa bomba nene la chuma, likawa zito kiasi kwamba mbele pakarudi palepale pa zamani. Yaani nilikuwa nimelinyanyua gari kwa springi na kulishusha kwa bampa. Nikalikata bampa. Eksozi nikaipandisha juu nyuma. Kwenye difu, lile bonge la gia chini ya gari, ambako kuna kitundu cha kupumulia kinachoweza kunyonya maji, nikaunga mpira wa pampu ya kupulizia dawa mashambani. Milango nikaiziba kwa raba za matairi yaliyopasuka.

Halafu nikaenda kulijaribu kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Maji yalifika kwenye boneti, pua ikavuta, injini haikukohoa. Ndani nikapapasa sakafu kwa mkono wangu, kavu. Nilipiga kelele peke yangu mule ndani. Wachungaji walinifokea kwa kuchafua maji ya mifugo, wakaniambia nina akili za kitoto, nami nikawaitikia ndiyo, ndiyo, huku nacheka. Katika miezi yote ile, siku hiyo ndiyo niliyolala bila hasira.

Tangazo likatolewa, kanisani na msikitini. Madaktari wamefika mjini, wenye matatizo ya macho wawahi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, alizeti imesimama, na korongo lilikuwa na maji yake. Tukalishtua gari asubuhi mimi na mke wangu, tukaondoka. Lilivuka kwenda kama linavuka barabara. Mke wangu alinigusa bega, akasema, "Leo umeweza." Hajawahi kunisifia kwa chuma chochote nilichowahi kuchomelea, na mageti nimechomelea mengi.

Mama mkwe alikuwa tayari, amekaa nje ya tembe, kanga mpya, kifurushi mapajani. Nikasimama upande wa pili wa gari, uso nimeuelekeza shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, akiielekeza kwa kuku.

Mke wangu akamshika mkono akamleta. Kwanza gari lilikuwa juu mno, kwa sababu ya zile springi zangu, ikabidi kiletwe kigoda akanyage. Hilo lilinitia aibu kidogo, lakini likapita. Akaingia nusu, akaanza kupapasa alipo, kama wafanyavyo wasioona. Akapapasa kiti. Akapapasa dashibodi. Mkono ukaenda pembeni ukagusa fimbo ya gia, ukatulia pale, kisha akauondoa haraka.

"Hapa pembeni anakaa nani?" akamuuliza binti yake.

"Anakaa dereva, mama."

"Dereva ni nani?"

Mke wangu akamrekebishia kanga begani.

"Na ile benchi ya nyuma iko wapi?"

Mke wangu akaniangalia juu ya boneti. Mimi nikaangalia sanduku langu la vifaa, limekaa pale nyuma, limechomelewa pande zote, lina kufuli.

"Mwambie," nikasema, "benchi iko Mkiwa."

Mama mkwe akashuka kwenye kigoda, akarudi kukaa alipokuwa amekaa.

Nieleze vipi nilivyojisikia? Nilipima kina cha korongo kwa fimbo. Nilipima boneti, paa, urefu wa bomba, unene wa bati. Kichwani mwangu, muda wote ule, mgonjwa alikaa kiti cha mbele na mke wangu nyuma, kama wanavyokaa watu, na hata mara moja sikukumbuka kwamba mgonjwa mwenyewe ni mkwe wangu na dereva mwenyewe ni mimi. Mama yule akae bega kwa bega nami, mkono wangu unabadilisha gia karibu na goti lake, mpaka mjini? Hata mimi nisingeweza. Nilipiga teke tairi nikaumia kidole, nikashindwa hata kupiga ukelele kwa kuwa yupo.

Nikasema basi akae nyuma juu ya sanduku, tumtandikie blanketi.

"Mimi nilikalia hilo sanduku siku moja tu, tulipokwenda sokoni," mke wangu akasema, "nikagonga kichwa kwenye paa mara ngapi? Nami naliona shimo linapokuja. Yeye haoni, na hana pa kushika. Utamfikisha kwa daktari wa macho na shingo imevunjika."

Tukasimama. Kuku wanadonoa kando ya matairi. Juu wingu lilikuwa linajikusanya, na sote watatu tulijua mvua ikiongezeka korongo halitasubiri, na madaktari hawatasubiri.

"Nipe funguo," mke wangu akasema.

"Hujui kuendesha."

"Kila asubuhi nani analiwasha?"

"Unaliwasha. Huliendeshi."

"Basi leo nitaliwasha nisilizime."

Akapanda kwenye usukani. Mama yake alipoambiwa kwamba dereva ni binti yake aliinuka bila kusukumwa, akakanyaga kigoda, akakaa kiti cha mbele, akashika kifurushi chake. Mimi nikalisukuma gari langu kwa nyuma kama kawaida. Likawaka.

Korongoni nikatangulia kwa miguu na fimbo. Maji yalinifika kiunoni, ya baridi, yanavuta. Nyuma yangu nikaisikia injini ikinguruma kwa gia ya kwanza, na juu yake pua ikivuta hewa kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto. Nikageuka kutazama. Maji yalikuwa yamefunika taa, yanagawanyika mbele ya boneti, na lile bomba la kijivu limesimama juu yake na chujio lake la chai.

"Kanyaga mafuta!" nikapaza sauti. "Usiachie!"

"Toka mbele!" mke wangu akajibu.

Sikutoka haraka, kwa sababu mwenye gari ni mimi na nilikuwa napima kina. Akapiga honi. Nilikuwa nimesahau kwamba honi inafanya kazi. Nikaruka pembeni, gari likanipita, wimbi lake likanipiga usoni, na nilipofuta macho lilikuwa linapanda ukingo wa pili, maji yanachuruzika, injini inaimba. Nilibaki peke yangu katikati ya korongo na fimbo. Nilifurahi na nikaona wivu, vyote kwa pamoja. Mwaka mzima nilikuwa nimejiona mimi kwenye ule usukani.

Baadaye mke wangu aliniambia kwamba walipofika juu mama yake aliinama, akapapasa sakafu chini ya miguu yake, kisha akaukausha mkono kwenye kanga ingawa haukuwa umelowa.

Kutoka pale hadi kwenye lami nilikaa nyuma, juu ya sanduku. Nasema wazi kwamba zile springi ni adhabu. Kila shimo lilinirusha, nikapiga kichwa kwenye chuma nilichokichomelea mwenyewe, nikarudi kukaa kwenye kufuli. Nikiwa nyuma ya mkwe sikuweza kulalamika, ila kuguna. Mke wangu aliendesha kwa gia ya pili njia nzima maana nyingine hakuzijua vizuri. Tulipofika lami tukamhamishia mama nyuma, juu ya blanketi, kwa kuwa pale ni laini na mke wangu hana leseni. Nikashika usukani, nikakigeuza kioo kikaangalia dari, tukafika mjini kabla madaktari hawajafunga foleni.

Walimpokea. Wakasema watapasua jicho moja kwanza. Mke wangu akabaki naye, nami nikarudi Mkiwa kwa kazi moja.

Benchi ilikuwa imejaa. Yule mstaafu alikuwa katikati, anasimulia mlima fulani aliowahi kuupanda breki zikiwa zimekatika.

"Simameni," nikasema.

"Tumekosa nini, fundi?"

"Hicho mlichokalia ni kiti cha mama mkwe wangu."

Sijawahi kuona watu wazima wakiinuka kwa pamoja namna ile. Mstaafu alijipangusa suruali kwa nyuma, akaipangusa na benchi kwa kofia yake. Hakuna aliyecheka. Kisha wenyewe, bila kuombwa, wakaibeba mpaka kwenye gari. Nikawasha grainda, nikalikata sanduku la vifaa likatoka, spana zangu nikazitia kwenye kiroba. Jioni benchi ilikuwa imerudi mahali pake, na mstaafu alikuwa amekaa juu ya ndoo.

Siku ya kuwachukua nilisimama mbali, kwenye uzio wa hospitali. Mama mkwe akatoka na miwani myeusi, mke wangu amemshika mkono, lakini niliona kwamba hatua anaziweka mwenyewe. Akafika kwenye gari, akalizunguka lote polepole. Akasimama mbele ya pua, akaitazama kutoka chini mpaka kwenye chujio. Mke wangu akanijia.

"Anauliza bomba la choo linafanya nini hapa."

"Mwambie ndilo lililomvusha."

Akaenda, akarudi. "Anasema sawa. Lakini ni la choo."

Wakakaa nyuma wote wawili kwenye benchi. Mke wangu alikuwa amelala siku zote zile kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, na hatukuwa mbali na mjini alipoanza kusinzia. Mimi niliendesha macho mbele, kioo kikiangalia dari. Tukaiacha lami. Tukafika korongoni, maji yamepungua lakini yapo, nikasimama ukingoni nikisubiri mke wangu ashuke na fimbo. Hakushuka. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Mwambie mwenzio," mama mkwe akasema nyuma yangu. Nikasikia akimgusa binti yake, na binti yake akivuta pumzi za usingizi. Maji yalikuwa yakipita mbele yetu. Nilijua sasa hakuna wa kumpa lile neno, nikafikiri atalimeza kama mwaka jana.

"Mwenye gari akirudishe hicho kioo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kutoona najua mimi kulivyo."

Mimi sikujibu, hairuhusiwi. Nilinyoosha mkono nikakishika kioo. Skrubu yake ilikuwa imelegea, kikawa kinaanguka, ikabidi nikishikilie kwa vidole mpaka kikatulia. Ndani yake nikakiona kichwa cha mke wangu kimelala begani kwa mama yake, na juu yake miwani myeusi, imenielekea. Nikaweka gia ya kwanza.